Gauni Lililoshonwa Mgongoni

Fundi wa nguo waliyemwita Mama Pindo alikanyaga cherehani miaka thelathini na moja, na mguu uliokanyaga ni huo huo wa kulia. Goti lisingeacha kudai chake. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, ngazi kumi na tisa, na mwaka ule wa mwisho alizishuka kinyumenyume huku ameukumbatia ukuta, wateja chini wakimsubiri na sare za watoto wao kana kwamba anateremka kisimani. Daktari wa mifupa alipoitazama picha ya goti alitikisa kichwa. Gegedu limekwisha, akasema, mfupa unasaga mfupa. Dawa yake ni kuliondoa hilo bovu na kuweka la bandia.

Aliandikwa kwenye foleni. Akangoja mwaka mzima na miezi minne juu yake. Siku alipopigiwa simu kwamba zamu yake imefika, furaha ilimchanganya hata akashona mkono wa shati mahali pa kola.

Lakini mama huyo alikuwa mwoga, na woga wake ulipata walimu wawili.

Wa kwanza ni muuza mitumba wa chini ya ngazi. Alipoambiwa kwamba mgonjwa halazwi usingizi mzito, bali huchomwa sindano ya ganzi mgongoni miguu ikalala, mwenyewe yu macho, akapiga makofi ya mshangao.

"Sindano ya mgongo? Shoga yangu, hapo ndipo watu wanapopoozea! Na tena usiwatajie madawa mengi. Ukitaja dawa nyingi wanakurudisha nyumbani, jina lako linaenda mkiani."

Alisema kwa uhakika mkubwa, na maishani mwake hajawahi hata kung'olewa jino.

Mwalimu wa pili ni dada mkubwa wa Mama Pindo, mgonjwa wa moyo aliyehesabu kuugua kwake kuwa ndiyo shule ya udaktari. Alipoona mguu wa mdogo wake umevimba, alikata kipande cha karatasi ya vidonge vyake mwenyewe akampa. "Kimoja kila siku saa sita mchana, damu isigande. Mdogo wangu, usiruke hata siku moja." Basi mdogo mtu akameza wiki tatu bila kumwambia mtu, hata bintiye aliyekuwa akilala naye nyumba moja.

Siku ya kulazwa, nesi alikaa na fomu yake.

"Mama, dawa gani unatumia?"

"Ya maumivu tu, sista."

"Nyingine?"

"Nyingine ya nini? Mimi mzima, ni goti tu."

Bintiye aliyekuwa pembeni akaitikia kwa kichwa, maana alijua hivyo. Nesi akaandika. Uongo ule ulikuwa mdogo, ungeenea kwenye tundu la sindano, na Mama Pindo akashusha pumzi kwa kuwa hajapoteza nafasi yake.

Asubuhi akapewa gauni la hospitali. Jamani, gauni lile! Nyuma yote wazi, limeshikwa na vitepe vitatu.

"Huyu fundi alitoroka kazi kabla hajamaliza?" akamuuliza bintiye. "Nipite na hili mbele za watu, mgongo nje na vingine vyote nje?"

"Mama, ndivyo yalivyo. Vaa tu."

"Wewe nenda kanitafutie maji ya kunawa uso."

Binti akatoka. Mama Pindo hajawahi kwenda popote bila sindano na uzi mkobani, hata msibani. Kufumba na kufumbua alikuwa ameliunga lile gauni nyuma kuanzia shingoni hadi chini, mishono midogo iliyonyooka, kazi ya kuonyesha wanafunzi. Na kwa kuwa alisikia kwamba mkoba hauingii chumba cha upasuaji, naye alikuwa na kidonge cha saa sita cha kuwahi, akashonea ndani, ubavuni, kamfuko kadogo akatia vidonge vyake. Akalivaa kwa kupitisha kichwani. Bintiye aliporudi alimkuta amejifunika shuka mpaka kidevuni, mpole kama mtoto aliyevunja kikombe.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi na taa kubwa. Daktari wa ganzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti nene, alimkalisha ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kumbatia huu mto, inamisha kichwa, mgongo utoe nje kama paka aliyeona mbwa. Hivyo hivyo. Sista, fungua gauni nyuma nimsafishe."

Nesi akavuta, akavuta tena.

"Sista?"

"Daktari, halifunguki."

"Kata vitepe."

"Vitepe vipo. Gauni ndilo limeshonwa."

Daktari akasogea akapitisha kidole juu ya ule mshono kutoka juu mpaka chini. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mwanangu," Mama Pindo akajibu kutoka ndani ya mto. "Lilikuwa halijamalizwa."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Daktari wa mifupa, aliyekuwa ananawa mikono upande wa pili, akauliza kama wanapokea oda za suruali. Nesi akaleta mkasi akaanza kufumua huku akisikitika, maana kazi ilikuwa nzuri. Alipolifunua mpaka ubavuni mkono ukagusa kitu, kikalia kama karatasi. Akatoa kile kipande cha vidonge akakiinua.

Daktari wa ganzi akasoma nyuma yake. Kicheko chake kikakatika.

"Mama, hivi ni vyako?"

"Ni vya dada... ananisaidia. Vya mguu kuvimba."

"Cha mwisho umemeza lini?"

Hapo Mama Pindo aliona foleni yote ya mwaka na miezi minne ikigeuka na kumpa mgongo. Angeweza kusema zamani. Neno "zamani" lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini mkono wa daktari ulikuwa umetulia begani mwake, mzito, wa mama mwenzake.

"Jana," akasema. "Jana saa sita. Mwanangu, msinirudishe."

Daktari akavua glavu, akazunguka, akachuchumaa mbele yake wakatazamana.

"Sikiliza, mama yangu. Vidonge hivi vinazuia damu kuganda. Sindano yangu inapita jirani kabisa na mishipa ya fahamu. Damu ikivuja kule ndani isikatike, haina pa kwenda, inaibana mishipa. Ungetoka hapa na goti jipya kwenye miguu isiyosimama."

Mama Pindo akahisi baridi ambayo haikutoka kwenye kile chumba. Kupooza alikokuwa anakuogopa, alikuwa amekuja nako mwenyewe, akakushonea hata kamfuko.

"Basi nimeharibu," akasema, machozi yanadondokea mto.

"Ungenyamaza ndiyo ungeharibu. Leo hatufanyi. Damu yako inahitaji siku saba bila kidonge hiki. Mimi nakuweka siku ya nane. Hupotezi nafasi. Na huyo dada yako mwambie aache kugawa dawa za moyo kama peremende, maana na yeye anapunguza zake."

Binti alipoelezwa hakulia wala hakucheka. Alisimama mikono kiunoni. "Mama! Mimi umenizaa ukanifundisha kusema kweli hata nikiiba sukari, halafu wewe?" Kwa siku nane mama mtu alikula, akalala na akakohoa chini ya ulinzi wa bintiye.

Siku ya nane, nesi alipouliza tena kuhusu dawa, alifunguliwa bomba. Mama Pindo alitaja vile vidonge na siku alipoacha, dawa ya maumivu, ya kikohozi ya mwezi uliopita, chai ya tangawizi, mafuta ya kuchua, na pipi mbili za mnanaa alizolamba juzi.

"Mama, nafasi kwenye fomu imekwisha."

"Geuza nyuma, sista, andika."

Safari hii gauni lilifunguka. Mgongoni akapakwa kitu cha baridi, kisha mchomo mdogo kama wa siafu, kisha msukumo usio na maumivu. Joto likamteremka makalioni, mapajani, mpaka nyayoni, na miguu ikawa kama ya jirani. Wakamgusisha barafu.

"Hapa unasikia baridi?"

"Huo mguu wa nani?"

Pazia likawekwa kifuani. Upande wa pili akasikia msumeno, halafu nyundo, ko, ko, ko, mwili ukitikisika bila kuuma, kama karakana ya seremala.

"Fundi," akaita, "umepima lakini? Usije ukakata fupi."

"Nimepima mara mbili, mama," akajibu daktari wa mifupa. "Tulia, nisikosee kwa kucheka."

Kibarua kilikuwa baadaye, wodini. Miguu ilikuwa palepale kitandani, mizito, imekufa ganzi, na Mama Pindo hakuondoa macho kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Saa ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Daktari wa ganzi alipita akasema ni kawaida, lakini moyo wa mwoga hausikilizi kawaida. Alikiamuru kidole, akakibembeleza, akakitukana kimoyomoyo. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda, kamshika mkono, hapumui vizuri.

Kikacheza.

"Umeona?"

"Nimeona, mama! Rudia!"

Kikacheza tena, na cha jirani yake. Mama Pindo akapiga kigelegele mpaka wodi nzima ikageuka.

Kabla ya jioni akaja mtaalamu wa mazoezi, mwanamume mrefu asiye na huruma, na chuma cha kushikia cha miguu minne, cha kutembelea. Wakamsimamisha. Hatua ya kwanza maumivu yakampanda mpaka kwenye meno.

"Inauma!" akapiga ukelele.

"Pole, mama. Nikurudishe ukae?"

"Nani kakwambia nataka kukaa?" Mama Pindo alikuwa anacheka, machozi mashavuni. "Inauma, mwanangu, kwa hiyo mguu ni wangu. Sogeza hicho chuma."

Akapiga hatua ya pili.