Kamba za Jumatatu

Fundi viatu alikuwa anapigilia soli ya buti la askari binti yake alipokuja na karatasi zake. Kibanda kilitazamana na lango la kituo cha polisi, mwaka wa kumi na nane sasa, na vijana waliotoka humo walimwita Mzee Kamba.

"Baba, utafiti tumemaliza," binti alisema, akajibwaga juu ya ndoo. Yeye na wenzake wa chuo walitaka ile kamatakamata ya vijana kila Ijumaa ikome, na kesho wangelisomea baraza la mji walichokipata. "Ila umekwenda kombo. Kitabu cha kituo kinaonyesha vijana watatu tu mwezi mzima. Mkubwa wa kituo katupongeza."

"Atakosaje? Mmemwosha akatakata." Fundi alitema msumari kiganjani. "Kitabu kawapa nani?"

"Yeye."

"Haya, msomi wangu. Mkamataji ndiye mliyemuuliza kakamata wangapi."

Binti akainamisha kichwa. Fundi naye alikuwa hoi. Hoi tangu amzike mkewe, na wakubwa wa kituo hawakuacha kumwongezea uchovu. Alivuta sanduku la vifaa, akageuza kifuniko.

Upande wa ndani ulijaa mistari ya mkaa, mafungu kwa mafungu. Pale kituoni, anayetiwa ndani huvuliwa mkanda na kamba za viatu. Jumatatu asubuhi huachiwa bila kesi, bila kuandikwa popote, na kamba zake ndiyo basi tena. Marehemu mkewe ndiye aliyeanza kuwapa kamba za bure, mtoto wa watu asiburuze viatu mpaka kwao. Kila jozi, mstari. Alipofariki, mkono wa mumewe ukaendelea tu.

"Ya mwezi huu ni mingapi?"

"Hesabu mwenyewe, mama. Mimi niliishia darasa la nne."

Arobaini na mmoja.

Kesho yake binti alikibeba kifuniko hadi ukumbini, akalieleza baraza maana ya mistari. Mkubwa wa kituo akacheka. "Hii si mikwaruzo ya fundi viatu tu?"

Kutoka viti vya nyuma fundi akainuka, magoti yakilia. "Ndiyo, mheshimiwa. Na hayo mabuti uliyovaa nimeyashona mimi. Mbona hujasema mshono wa uongo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baraza likaagiza kila kijana anayekamatwa aandikwe, na mzazi wake aitwe siku hiyohiyo. Kwa majaribio, mwezi mmoja.

"Majaribio!" fundi alinung'unika njiani. "Kufungia watoto hawakujaribu. Walifanya tu."

Jumatatu iliyofuata lango lilifunguka, wakatoka wawili, wameshikilia suruali. Fundi akawapa kamba, akachora mistari miwili, akangoja. Hakutoka mwingine. Jozi tisa alizokuwa ameziandaa zilibaki zikining'inia shingoni mwake mpaka adhuhuri, naye hakujua azipeleke wapi.