Maji ya Ubao wa Salka

"Soma, mwanangu."

Salka aliukumbatia ubao wake, maandishi yakiwa upande wa kifua, akatazama mbuzi.

Tekber alisubiri. Tangu ujana wake alikuwa akiwafundisha watoto wa kambi hii iliyo karibu na mpaka wa Mali, na hakuwa mwalimu wa fimbo. Kazi yake ilikuwa na mpango usiobadilika. Alisaga makaa, akachanganya na gundi ya mgunga, akamwandikia kila mtoto mstari kwenye ubao. Aliyeusoma bila kukwama aliuosha mwenyewe juu ya kibuyu, akanywa yale maji meusi, akaandikiwa mstari mwingine. Hapakuwa na njia nyingine ya kusonga mbele.

Wenzake Salka walikuwa wameshakunywa hadi weupe wa meno yao umefifia. Yeye alikuwa bado na herufi nne zilezile tangu kiangazi kilichopita.

"Mwacheni," alisema mmoja wao, "analinda alifu yake isiliwe na mbuzi."

Wakacheka. Salka hakugeuka.

Jioni ile Deddah, mdogo wa baba yake Salka, alikuja kunywa chai hemani kwa Tekber. Alizungumzia malisho, akazungumzia bunduki zilizosikika ng'ambo ya mpaka. Kaka yake, Sidaty, ambaye ndiye baba yake Salka, alivuka mpaka na ng'ombe mwaka jana na hakurudi, na siku hizi watu walilitaja jina lake kwa sauti ya chini. Ndipo Deddah akaweka gilasi chini.

"Bi Tekber, mvua ikianguka tu, mimi na watu wangu tunahama. Kama hajasonga, nitampa mbuzi achunge. Mbuzi hawamuulizi mtu herufi."

"Nipe muda."

"Muda nimekupa. Mawingu ndiyo hayanipi mimi."

Tekber aliwaza sana. Aliona kwamba mtoto ameogopa mstari wa kwanza, na hofu hiyo imeota mizizi. Akiukuta ubao mtupu, labda ataanza upya. Kesho yake Salka alipokwenda kisimani, Tekber akauchukua ubao. Aliuosha taratibu, kwa adabu zote, akikinga kila tone kibuyuni. Kisha akauegemeza kwenye nguzo ya hema ukauke.

Salka aliporudi, alisimama mbele ya ubao akiwa bado ameshika kamba ya kisima. Hakulia. Aliugeuza ubao upande wa pili, akaugeuza tena.

"Yale yalikuwa ya baba," alisema.

Tekber alidhani amesikia vibaya. Yeye ndiye aliyewaandikia watoto wote. Lakini sasa, baada ya kuziosha, alizikumbuka zile herufi: be iliyopinda ncha juu kama pembe ya ng'ombe. Mkono wake haukuwahi kuandika be namna ile. Alikuwa ameitazama kila asubuhi asiione.

"Aliniandikia usiku wa kuondoka," Salka alisema. "Alifu, be, te, the. Nilikuwa nazijua siku ileile."

"Mbona hukunisomea, mwanangu?"

"Ningesoma, ungeniambia nioshe."

Tekber akachovya kalamu. Aliandika zilezile nne, akijitahidi kuipinda ile ncha. Alipomaliza akamwonyesha. Mtoto aliangalia kwa makini, jinsi mtu anavyoangalia ndama wa jirani.

"Hizi zako," alisema.

Akashika upande mmoja wa melhfa, shuka aliyojitanda Tekber, akazifuta nayo.

Mvua ilinyesha usiku wa pili. Asubuhi Deddah alikuja na ngamia, akauliza kama Salka amesonga, na Tekber akamjibu kwamba herufi nne anazijua.

"Mwaka mzima, nne?"

Tekber akaingia hemani kuchukua kile kibuyu cha maji ya ubao. Salka alikwishatangulia na mbuzi, ubao mtupu umefungwa mgongoni kwa ile kamba ya kisima. Tekber alikimbia hatua chache na kibuyu mkononi, akamwita. Mtoto alitazama yale maji, akatikisa kichwa, akaendelea kutembea.

Maji ya ubao hayamwagwi chini, wanapokanyaga watu na mifugo. Tekber akaketi kivulini mwa hema. Msafara wa Deddah ulipotoweka nyuma ya migunga, akainua kibuyu akaanza kunywa, funda moja moja, hadi ulimi ukakamatwa na uchungu wa makaa.