Mtungi Juu ya Dohani

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumanne, mashine ya kupima gesi ya salfa katika kiwanda cha chokaa ilisoma 399. Mtungi wa gesi ya kuhakikia uliandikwa 400.

"Imepita," alisema Hakimuddin. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Ndiye aliyemfundisha Sabiha kazi, na mhuri wa kampuni yao ya ukaguzi ulikaa mfukoni mwake. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa. Asiye na dosari huongezewa mwaka.

"Mwalimu, gesi tumeiingiza hapa, mlangoni mwa mashine. Mwongozo unataka iingizwe juu, ishuke bomba zima."

"Mwongozo ule kauandika mtu mwenye magoti."

Sabiha alicheka. Kwa miaka mitatu Hakimuddin hakuwa amepanda dohani. Ripoti sita zilisema alipanda. Mbili kati ya hizo zilikuwa na sahihi ya Sabiha pia.

Sabiha alijifunga mtungi mdogo mgongoni, akapanda ngazi mita thelathini na mbili. Saa nne na dakika tano aliingiza gesi ileile kwenye ncha ya bomba la sampuli.

"Ngapi?" aliuliza kwa redio. "Mwalimu, ngapi?"

"Mia mbili thelathini na moja."

Alirudia: 230. Akishuka, aliona bomba limepasuka chini ya kibano cha pili. Hewa ya nje ilikuwa ikivutwa ndani na kuuzimua moshi kabla haujafika kwenye mashine.

"Zungushia tepu," alisema Hakimuddin. "Tuandike la leo. Pengine limepasuka juzi."

"Vumbi la chokaa limeganda ndani ya ufa. Si la juzi."

"Mwanangu, nimebakiwa na siku tatu. Hata bisibisi nimekushikisha mimi."

"Ndiyo, mwalimu. Na ukaniambia niandike nilichokiona."

"Nilikuwa na magoti wakati huo."

Sabiha aliandika 231, 230 na mahali pa ufa. Aliandika pia kwamba ripoti mbili zenye sahihi yake hazikuwa za kweli.

Alhamisi bomba jipya lilifungwa. Mashine ilisoma 655. Kibali cha kiwanda kiliruhusu 500. Meneja, Kristofa, alisoma ripoti akiwa amesimama.

"Kumbe mzee alikuwa anatudanganya," alisema.

"Na tanuri linalotoa moshi huo?" aliuliza Sabiha.

"Tanuri lina ratiba yake ya matengenezo. Mwezi wa kumi na moja."

Ulikuwa mwezi wa tano.

Ijumaa zililetwa barua mbili za kampuni. Ya Sabiha ilikuwa ya onyo, na ilimwagiza apokee mhuri. Ya Hakimuddin ilimwagiza aukabidhi.

Saa nane na nusu mchana, getini, aliuweka mkononi mwa Sabiha. Ulikuwa na joto la mfuko.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia. Alipanda bajaji kuelekea kwake Mabawa.

Saa tisa kasorobo mashine ilisoma 661.