Meneja Anatafuta Hewa

"Kinyozi, mashine inanguruma hewani," alisema fundi viatu kutoka kitini. "Kichwa changu kiko huku."

Kinyozi hakumsikia. Alikuwa ameinama mbele ya tangi la samaki lililokaa kwenye kona, kati ya kioo kikubwa na rafu ya mafuta ya nywele. Ndani ya tangi, Meneja alikuwa amepanda juu kabisa ya maji. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena, kama mtu anayetaka kusema neno halafu linampotea.

Meneja alikuwa samaki wa dhahabu, mnene, mwenye mkia uliochanika kidogo. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa yeye peke yake mle ndani hakufanya kazi yoyote ila kuzunguka na kukodolea watu macho. Watoto waliolia wakiona mashine ya kunyolea walinyamaza wakimwona yeye.

"Anakuja juu kutafuta hewa," alisema kinyozi.

"Si sote tunatafuta hewa?"

"Samaki haji juu bure, mzee wangu. Akija hivi, ujue huko chini hakukaliki."

"Basi mtoe umkaange. Kidogo ni kidogo, lakini mchuzi hautakosa."

Siku nyingine kinyozi angecheka na kumrudishia fundi viatu jibu la kumnyamazisha mpaka jioni. Leo aliizima mashine, akaiweka mezani. Aliogopa. Mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, aliogopa kwa ajili ya samaki asiyejaa kiganja.

Maana samaki yule hakuwa wake, alikuwa wa mkewe. Alimnunua kabla hajasafiri kwenda nchi ya mbali kutunza mama mzee wa watu wengine, akasema, "Nitunzie huyu, nikirudi nimkute." Mwanzoni walizungumza mpaka simu zikachemka masikioni. Baadaye habari zilipungua, kama zinavyopungua kwa watu wasiokula meza moja. Ukishauliza kazi, ukauliza afya, ukauliza mvua, umebaki na nini? Walibaki na Meneja. Kila jioni mke alipopiga, kinyozi aliiegemeza simu kwenye tangi hata kabla salamu hazijaisha, na wote wawili wakamtazama, wakamcheka, wakabishana kama amenenepa. Kisha wakaagana. Kinyozi hakuwahi kumwambia mtu, lakini moyoni alijua hesabu yake: siku samaki huyu akifa, mimi na mke wangu tutazungumza nini?

Na jioni ilikuwa inakuja.

Alfajiri, alipoona maji yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, aliuliza kwenye kundi la mtandaoni la wapenzi wa samaki wa mapambo. Aliuliza kwa adabu zote. Wa kwanza kumjibu alisema tangi kama lile ni la kufugia viluwiluwi. Wa pili alisema samaki wa dhahabu si ufugaji, ni urembo wa sebuleni kwa watu wasio na subira. Wa tatu, aliyejiita Bwana Maji, ambaye kila mtu kundini alimnyenyekea, aliweka picha ya tangi lake lenye ukubwa wa kitanda na kusema yeye maji yake huyachuja kwanza kabla ya kuyachuja. Kinyozi alimeza yote, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame. Aliinama hasa, na hakuna aliyempa cha uvunguni.

Kwa hiyo alijitafutia mkosaji mwenyewe, akampata: kichujio. Kile cha zamani kilikufa, akanunua kipya kwenye duka kubwa la ghorofa, na tangu kukiweka, maji yalianza kuchafuka. Ushahidi gani zaidi ya huo?

"Nakwenda kuwarudishia takataka yao," alisema, akakichomoa kichujio kikichuruzika maji na kukitia ndani ya mfuko. "Fundi, nikorogee maji kwa kikombe. Yasitulie."

"Na kichwa?"

"Vaa kofia."

Fundi viatu, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina msitu, alichukua kikombe akaanza kukoroga huku akilalamika. Lakini alikoroga.

Kwenye duka kubwa, dada wa kaunta alimpokea kwa tabasamu lililotoka kiwandani pamoja na sare yake. Alikichomeka kichujio kwenye umeme, nacho kikanguruma vizuri kabisa.

"Kinafanya kazi, baba."

"Kinafanya kazi ya kunguruma. Samaki anakufa."

"Samaki hatukukuuzia sisi."

"Dada yangu, nakuomba. Nibadilishieni tu."

"Risiti?"

"Mlisema mmeituma kwenye barua pepe. Ya karatasi mlininyima."

"Ndiyo, baba, tunatunza mazingira. Basi ifungue hapa kwenye kompyuta yetu, tuichapishe kwenye karatasi."

Kinyozi aliandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, huku foleni nyuma yake ikikohoa. Kampuni ile kubwa ya mtandao, ambayo ndiyo yenye barua pepe yake, ndiyo yenye kundi la samaki, na ndiyo yenye picha zake zote, ilifikiri kidogo. Kisha ikamwandikia kwamba imegundua jambo lisilo la kawaida, na kwa usalama wake mwenyewe imemfungia kila kitu. Athibitishe kwa tarakimu zilizotumwa kwenye simu yake.

Simu mfukoni ilikaa kimya. Aliitoa, akaitazama, kisha akaelewa. Tarakimu zilikuwa zimekwenda kwenye namba ya zamani. Aliiacha namba hiyo mkewe aliposafiri, akanunua laini ya kampuni nyingine kwa sababu kupiga nje kulikuwa nafuu. Ile ya zamani ilikaa bila kutumika mpaka wenyewe wakaichukua na kuiuza tena.

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za duka, akaitafuta kampuni kwenye simu. Mtu hakumpata. Alipata kidirisha kilichomwita kwa jina na kumwambia kinafurahi kumsaidia.

Aliandika: namba mnayotumia si yangu tena.

Kikajibu: Nimekuelewa. Nimetuma tarakimu upya kwenye namba yako. Je, jibu hili limekusaidia?

Akaandika: hapana.

Kikajibu: Asante kwa maoni yako.

Kama kingekuwa na shati, angekikaba. Badala yake alifanya jambo ambalo hakuwahi kufikiri angelifanya maishani. Alijipigia simu mwenyewe, kwenye namba yake ya zamani.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake sufuria zilikuwa zinagongana.

"Samahani, mama. Mimi ndiye mwenye namba hii."

"Mwenye namba hii ni mimi. Wewe nani?"

"Yaani zamani ilikuwa yangu. Sasa hivi umeingia ujumbe wenye tarakimu. Nakuomba unisomee."

Sufuria zilinyamaza. "Kaka, hata mtoto anajua hizo hazisomewi mtu. Redioni wanaimba kila siku."

"Najua, mama, najua. Lakini nina samaki wangu, anakufa."

"Samaki!" Mwanamke alicheka kwa kero. "Haya. Jana mlikuwa na mjomba aliyepata ajali, leo mna samaki mgonjwa. Kesho mtaniletea kuku mjamzito." Akakata.

Kinyozi alibaki anaitazama simu. Watu walimpita na mifuko yao. Alimfikiria Meneja, alimfikiria fundi viatu na kikombe chake, akaona maji yamemfika shingoni yeye kabla ya samaki. Akapiga tena.

"Mama, usikate! Mimi si tapeli. Mimi kinyozi tu."

"Kinyozi?"

"Kinyozi."

"Subiri kwanza. Kinyozi yule wa Jumamosi?" Sauti ilipanda. "Ni wewe! Ndugu yangu, umenitesa wewe! Tangu ninunue laini hii sijui usingizi wa Jumamosi. 'Kinyozi, umefungua?' 'Kinyozi, niwekee nafasi.' Mmoja nilimwambia njoo, nitakunyoa kwa kisu cha mboga. Akaniuliza saa ngapi!"

Kinyozi alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, na kilipotoka, kifua kikalegea kidogo. Mwanamke naye alicheka, kisha akamsomea tarakimu polepole, moja moja, kama anayemtajia mtoto.

"Mungu akubariki, mama."

"Usikate." Sauti ilibadilika, ikashuka. "Kuna mwanamke naye hupiga. Namba ya nje."

Kinyozi aliibana simu sikioni.

"Mara ya kwanza nilidhani ni wale wale wa Jumamosi. Kumbe analia. Nikamwambia, dada, namba hii imeuzwa, uliyemtaka hayupo. Akasema, najua. Akasema, nimepiga hapa kwa sababu najua hatapokea yeye. Sikuwa na la kumwambia. Nilimwambia pole, nikakaa naye mpaka akamaliza. Amepiga tena baada ya hapo. Mimi huwa napokea. Sasa sijui ni nani wako, na sikuulizi. Ila nimeona nisikae nayo moyoni."

"Ahsante, mama," alisema kinyozi. Hakujua alisema kwa sauti gani.

Alikaa pale ngazini. Mkewe alikuwa analia, na alikuwa ametafuta sikio la mgeni la kulilia. Na kila jioni, baada ya kulia au kabla ya kulia, alikuwa anapiga simu ya pili, na mumewe anamwonyesha samaki. Kinyozi aliona aibu, aibu nzito iliyomshuka mpaka miguuni. Alitaka kumpigia papo hapo, lakini saa zile mkewe alikuwa kazini, na simu yake ilikaa kabatini mpaka jioni.

Akaingiza tarakimu, basi, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Mlango wa barua pepe ukafunguka. Risiti ilikuwepo, safi, yenye nembo ya duka. Juu yake kulikuwa na majibu mapya kutoka kundini, mengi yakiwa kejeli. Moja lilikuwa la Bwana Maji:

"Sponji la kichujio umeliosha kwa kitu gani?"

Na chini yake, kwa kuwa hakujibiwa: "Nauliza tena. Maji hayageuki hivyo bila sababu. Mle kwenye sponji mnaishi vijidudu vizuri, vinakula uchafu wa samaki. Ukiviua, samaki anakaa kwenye mkojo wake mwenyewe. Kama uliosha kwa sabuni au dawa, usiilaumu mashine ya watu. Badilisha nusu ya maji, uweke yaliyolala ndooni. Polepole. Sponji lisuuze, lisuuze, lisuuze. Na ununue tangi la maana."

Kinyozi alisoma mara mbili. Alikuwa ameliosha kwa dawa ya mashine. Wiki nzima, kila alipofunga duka, alilitoa sponji na kulichovya kwenye dawa ile ile ya kuulia vijidudu anayochovyea vichana na visu vya mashine, maana ni kinyozi, na kinyozi hamwachii kijidudu apumzike. Alilichovya kwa mapenzi. Maji yalivyozidi kuchafuka, ndivyo alivyozidi kulichovya.

Dada wa kaunta alimwona kupitia kioo, akampungia mkono aingie na risiti yake. Kinyozi aliinua mfuko kidogo, kama anayeaga, akaondoka.

Alimkuta fundi viatu bado anakoroga, mkono mmoja kiunoni.

"Wamekubali?"

"Nilikosea mimi," alisema kinyozi. "Mashine ni nzima. Mimi ndiye mbovu."

"Hilo ungeniuliza asubuhi," alisema fundi viatu, lakini alipomwangalia usoni hakuendelea. Alisaidia kusogeza ndoo za maji zilizokaa nyuma ya duka kwa ajili ya siku za mgao, akavuta kofia yake mpaka masikioni, akaenda zake bila kudai nusu ya kichwa.

Kinyozi alilisuuza sponji mpaka vidole vikakunjamana, akakirudisha kichujio tangini. Alichota maji machafu, akamimina masafi, kikombe kwa kikombe. Meneja alikuwa juu bado. Mapezi yake yalikuwa mazito, na mara moja aliinama upande, akajirudisha.

Simu ilipolia, mwanga wa mlangoni ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Uso wa mkewe ulitokea, na kofia yake ya kazi, na tabasamu lile la kila siku.

"Hujambo? Yuko wapi Meneja? Nionyeshe."

Mkono wa kinyozi ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye tangi wenyewe. Akaurudisha.

"Meneja anaumwa," alisema. "Nimemuumiza mimi. Sponji nililiosha kwa dawa. Sijui kama ataiona kesho."

Mkewe alifungua mdomo. Tabasamu lilibaki kidogo usoni, halikujua pa kwenda.

"Leo nilipiga namba yangu ya zamani," alisema kinyozi. "Amepokea mama mmoja. Ana huruma sana."

Mke aligeuza uso. Ilionekana kofia tu, na ukuta mweupe nyuma yake, na bega lake likipanda na kushuka.

"Sikutaka ujue," alisema mwishowe. "Ungenifanyia nini, na wewe uko huko? Ungekaa na wasiwasi tu."

"Ningekaa na wasiwasi," alisema kinyozi. "Mke wangu, nipe na mimi nikae nao."

Alikivuta kiti cha wateja, akakigeuza, akakaa. Simu aliishika kwa mikono miwili, karibu, na mikono ilikuwa bado imelowa. Hakuna aliyekata. Kisha mkewe akajifuta macho kwa kiganja, akaanza kusimulia, tangu siku ya kwanza, kile chumba alicholala na jinsi yule mama mzee anavyomwita kwa jina la mtu mwingine. Nyuma ya mgongo wa kinyozi, juu ya maji, mdomo mdogo ulifunguka na kufungika, ukafunguka na kufungika, naye hakugeuka kutazama.