Kiganja cha Sadala

Msimu mzima Sadala wa Misima alilikwepa shamba la kijiji cha ujamaa akisingizia mkono mbovu. Mungu akampa ubovu wa kweli: mwiba wa mkonge ukamvunjikia ndani, chini kidogo ya kiwiko.

Huko Korogwe daktari alimpiga ganzi, akamwambia, "Mzee, kiganja kitazame chini, mshipa wa fahamu usogee mbali na kisu. Ukikigeuza juu, mshipa unarudi kwenye njia ya kisu. Nikiukata, vidole havinyooki tena maisha."

Sadala alielewa vizuri. Lakini kila mara kisu kilipokaribia, kiganja kiligeuka juu chenyewe kuomba dua.

"Mzee!"

"Si mimi, daktari. Ni imani."

Mkewe Mwantumu akatoka, akarudi na mpini wa jembe alioazima kwa mtunza bustani. Ukafutwa kwa spiriti.

"Baba Hajira, ukamate kwa juu, kama unapalilia."

Sadala akaukamata kwa hofu kubwa kuliko ya kisu. Mwiba ukatoka.

Ganzi ilipoisha, vidole vyote vitano vikanyooka. "Alhamdulillahi!" akapaza sauti.

"Na mpini kumbe unaujua," Mwantumu akasema. "Mwenyekiti wa kijiji atafurahi."

Sadala akavikunja vidole upesi.