Taa Iwe Nyekundu Tu

Ukimpelekea Mbogo pasi iliyoungua, redio iliyonyamaza au mota ya posho mili ya kusagia unga iliyochoka, utaondoka nayo ikiwa imepona na imeongezewa jambo ambalo hukuliomba. Kuna mama mmoja pale sokoni Kitale alipeleka saa ya ukutani akarudishiwa saa inayoimba, na mpaka leo hajui namna ya kuinyamazisha. Watu walicheka, wakamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kitu kimoja tu kilimshinda Mbogo kukifungua aone ndani kuna nini, nacho ni sababu ya mkewe kuondoka.

Linah Jelimo aliondoka Februari, binti yao Wamboi aliporudi shule ya bweni. Hakugombana na mtu. Alifua mapazia, akayaanika, akafunga mfuko mmoja wa nguo na kusema anaenda Bungoma kwa dada yake Chelagat kupumzika kidogo. Kidogo hicho kilifika Pasaka kikapita. Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, na Linah alikuwa bado anapumzika. Alimsaidia Chelagat kuuza vitambaa dukani, na Jumapili aliwafundisha vijana wa kanisa la huko michezo ya kuigiza.

Mbogo alijichunguza mpaka akachoka. Pombe hakunywa. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Mwanamke mwingine hakuwa naye, na hata angetaka, muda angeupata wapi, jioni zote yuko nyumbani na bisibisi? Mama yake alisema haya ndiyo matokeo ya kuoa watu wa mlimani. Mchungaji alisema ni jambo la maombi. Jirani yake Kipngetich, ambaye ni mtu wa kwao Linah na kwa hiyo alidhaniwa ana majibu, alikuna kichwa akasema wanawake wa kwao hawaondoki bila sababu, ila sababu yenyewe hawaisemi mara mbili. Mbogo akabaki anajiuliza ile mara ya kwanza ilisemwa lini, na yeye alikuwa wapi.

Kisha mwezi wa Juni, Linah akapiga simu. Alisalimia, akauliza habari za kuku, halafu akasema kuna kazi ndogo anataka afanyiwe. Vijana wake walikuwa wanaandaa mchezo wa malaika anayelinda lango la bustani kwa upanga wa moto. Katika duka la vitu vya watoto pale Bungoma alikuwa amepata upanga wa taa, ule wa plastiki ulioigwa panga za mwanga za kwenye sinema: unabonyeza kitufe kwenye mpini, mrija mrefu unawaka. Ulikuwa mwepesi, unashikika vizuri, ila ulikuwa unawaka kijani, na moto wa kijani nani ameuona?

"Unibadilishie taa tu, Baba Wamboi. Taa iwe nyekundu tu. Hiyo ingine yote iko sawa."

Mbogo alisema hakuna shida, akakata simu, akasimama katikati ya karakana asijue akae au atoke nje. Miezi yote hiyo alikuwa hajaombwa kitu.

Upanga ulifika kama mzigo, umefungwa kwa gazeti. Aliufungua, akang'oa vitaa vya kijani, akatia vyekundu, akafunga, akabonyeza. Mrija ukawaka mwekundu safi. Chai yake ilikuwa bado moto mezani. Mtu mwingine angeufunga tena kwenye gazeti lake na kuurudisha Bungoma siku hiyo hiyo, na hadithi hii isingekuwapo.

Lakini tazama hali yake. Mtu ameachwa tangu Februari, mkewe anamwomba kitu kimoja, kweli ampe kimoja? Mpini wa plastiki aliuona kama dharau. Ukimpa Mbogo shubiri huchukua pima, na hapa alikuwa amepewa shubiri na mtu anayempenda kuliko watu wote duniani. Akautupa ule mpini, akakata kipande cha bomba la alumini, akakivika raba ya mkono wa pikipiki. Betri ndogo akaziondoa, akaweka za laptop. Kitufe kilikuwa jambo la kizamani, kwa hiyo akakifuta kabisa, akaweka kifaa cha kuhisi mtikisiko ili upanga uwake wenyewe ukichezeshwa. Ndani ya mrija akapitisha utepe wa taa unaometameta kama ndimi za moto. Mwisho akachukua spika ya alamu ya pikipiki akaifundisha kunguruma. Kila alipokaza skrubu aliiona sura ya Linah ikishangaa kwa furaha, na hiyo sura ndiyo iliyompa nguvu ya kukaza nyingine.

Kipngetich alipita, akaunyanyua, akasema ni mzito, akauliza unazimwa vipi. Mbogo akamweleza kwamba ukitulia nao unatulia. Kipngetich akaurudisha mezani polepole, akaenda zake.

Jumapili ya mchezo Mbogo hakuutuma. Alivaa koti lake la harusi za watu akaupeleka mwenyewe. Alimkuta Linah kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa, amejifunga leso kichwani, amepungua kidogo au pengine ni macho ya Mbogo tu. Alitabasamu, akapokea upanga, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja mahali kitufe kilipokuwa. Hakikukuta kitu. Kikatafuta juu, kikatafuta chini. Mbogo akaanza kueleza, na Linah akamtazama kwa jicho ambalo alilijua vizuri. Alikuwa ameliona nyumbani mara nyingi, na siku zote alidhani ni uchovu.

Hakukuwa na muda wa kuuliza, mchezo ulikuwa unaanza. Malaika alikuwa Nekesa, msichana mrefu wa timu ya netiboli, na kazi yake ilikuwa kusimama langoni kimya mpaka mwisho, wale wakosefu wawili watakapofukuzwa, ndipo awashe. Nekesa alisimama vizuri kabisa. Ila mtu hupumua. Alipovuta pumzi upanga ukawaka na kunguruma, na maneno ya mkosefu wa kwanza yakapotelea humo. Akashtuka, na mshtuko ukauwasha zaidi. Akauteremsha, ukanguruma. Akauficha nyuma, taa zikametameta kwenye kanzu yake yote. Watu waliojaa ukumbini walikuwa wanajifuta machozi kwa kucheka. Mwishowe malaika akaliacha lango, akaenda kando alikosimama mwalimu wake.

"Mwalimu, hii kitu iko na kerere, na ni nzito. Ire ya kwanza irikuwa sawa."

Linah akauzungushia shuka ya kwaya, akamrudisha Nekesa langoni mikono mitupu, akamwambia atandaze mikono tu. Wakosefu wakafukuzwa kwa mikono hiyo na watu wakanyamaza. Mbogo, kwenye benchi la nyuma, hakuelewa ni kwa nini mikono mitupu ilifanya kazi kuliko mashine yake.

Baada ya ibada yeye na Linah walikaa kwenye benchi nyuma ya ukumbi. Mbogo hakungoja aulizwe. Alisema kile kifaa cha mtikisiko kilikuwa kikali mno, dawa yake ni kukilegeza, au aongeze swichi ya pili, au spika iwe na ya kwake. Tayari bisibisi ilikuwa imetoka mfukoni.

"Baba Wamboi," Linah akasema, "nilikuomba nini?"

"Upanga wa moto."

"Nilikuomba nini?"

Akafikiri. "Taa nyekundu."

Linah akauliza swichi ya taa ya jikoni iko wapi siku hizi.

Swali hilo lilimchanganya Mbogo, lakini pia lilimfurahisha, kwa maana alikuwa na jibu. Alikuwa ameihamisha tena mwezi wa Aprili. Sasa iko juu ya fremu ya mlango, mtu akiingia ananyoosha mkono tu.

"Nani ananyoosha?"

Akamgeukia. Linah alikuwa amekaa kando yake, na kichwa chake kilifika begani kwa Mbogo, kama kilivyofika siku zote tangu waoane. Mbogo akanyanyua mkono hewani kana kwamba fremu ya mlango ilikuwa pale, akautazama ulipofika, akauteremsha.

"Nitairudisha," akasema. "Hata kesho. Au niweke ile ya kuwaka ukipiga makofi, ndio usihitaji..."

"Ona sasa," Linah akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Mbogo kuliko hasira. "Mimi naingia kwa nyumba yangu kama mgeni. Jiko limegeuzwa, mlango unafungukia upande ingine, redio yangu inataka niipigie namba. Kila kitu ni kizuri, sikatai. Lakini kila kitu lazima nikuulize. Na wewe hujawahi niuliza."

Mbogo alifungua mdomo, suluhisho likamjia ulimini, akalimeza. Likaja lingine, nalo akalimeza. Aliona aibu, na chini ya aibu bado alikuwa amevurugika, kwa sababu vitu vile vyote alikuwa amevifanya kwa mapenzi na hakujua mapenzi mengine hufanywaje. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Yeye aliuliza sana, tatizo ni kwamba alimuuliza mama yake, mchungaji na Kipngetich.

"Wewe ungetaka iwe wapi?" akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Linah alimwangalia muda mrefu mpaka macho yakamjaa machozi.

"Sijui," akasema. "Sijawahi ulizwa."

Akajifuta kwa ncha ya leso, akacheka kidogo, akajifuta tena. Akasema atapanda Kitale Jumamosi aangalie. Kuangalia tu, hajasema anarudi. Na mpaka hapo Mbogo asiguse kitu.

Mbogo alitaka kujua kama basi anaweza japo kuupaka ule mlango rangi. Akafunga mdomo. Kisha, kwa kuwa hakujiamini, akaikalia mikono yake yote miwili pale kwenye benchi, na Linah akasogea karibu kidogo.