Solo ya Émilienne na Pipa Langu

Mimi ni mtu wa mawe. Miaka kumi na tisa nimesimamia concasseur, mashine ya kuponda chokaa, kule Kakontwe nje ya mji wetu wa Likasi, na nikirudi nyumbani hata nyusi zangu ni nyeupe. Nasema haya mapema, ili mtu asije akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye mambo ya dansi ya jazz. Sikutafuta chochote. Nililetewa.

Aliyeniletea ni binti yangu Émilienne. Kwenye karatasi za serikali ana jina lingine, la Kizaire, kama sisi sote tulivyoamriwa, lakini nyumbani kwetu majina ya ubatizo hayakwenda popote. Mchana alikuwa akipiga taipu katika ofisi ya kampuni yetu ya machimbo. Jioni, mara nne kwa wiki, alikwenda kwenye cercle, klabu ile ya wafanyakazi wakubwa, ambako Madame Hélène, mke wa mhandisi Mbelgiji, aliwafundisha watoto dansi katika ukumbi wa mbao. Émilienne alianza pale akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na ishirini na miwili, na alikwisha kufaulu ngazi zote isipokuwa ya mwisho, wanayoiita degré supérieur.

Mwaka ule, 1981, Madame Hélène akatangaza kwamba mkataba wa mume wake umekwisha na wanarudi Liège mwezi wa saba. Watoto thelathini na wanane wangebaki bila mwalimu. Wakubwa wa cercle wakaamua: mwenye cheti cha ngazi ya juu atapewa darasa, na asipopatikana, ukumbi utawekwa meza za bilia. Mtahini angetoka Brussels mwezi wa tano, mara moja tu, na baada ya hapo asingekuja tena. Émilienne alilitaka lile darasa kuliko kitu chochote duniani. Alitwambia hivyo mezani, tonge mkononi.

"Papa, kama banaweka bilia mule, minye nitazeeka na taipu. Unasikia?"

Nilisikia. Mke wangu Angèle naye alisikia, ila hakuelewa mtihani wenyewe. Alipoelezwa kwamba sehemu ya kwanza ni kuzungusha kiuno peke yake huku mabega yametulia, kisha mbavu peke yake, kisha shingo, aliweka mwiko chini.

"Kiuno? Muntu anapanda ndege ku Ulaya juu ya kuja kuangalia kama mutoto wa huku anajua kuzungusha kiuno?"

"Mama, ni technique."

"Technique gani? Nilikuzala nayo!"

Sehemu ya pili ilikuwa miruko ya kukatiza ukumbi kutoka kona hadi kona. Ya tatu ndiyo iliyonikamata mimi: solo ya dakika tatu, ambayo mchezaji anaitunga mwenyewe na kuleta mtu wa kumpigia ngoma pale pale, si kaseti. Mpigaji aliyepatana naye, bwana mmoja wa Kamatanda, alikwenda kuoa huko Kapolowe miezi mitatu kabla ya mtihani na hakurudi. Habari zilizotufikia ni kwamba analima mihogo na amenenepa. Émilienne alilia siku mbili. Siku ya tatu alinikuta uani nikigongagonga meza kwa vidole, kama ninavyofanya siku zote bila kujijua, akasimama akinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda hata kidogo.

"Papa," akasema, "ile unapiga pale ni nini?"

"Ni mashine. Ni vile inaimba kama iko bien, haina kasoro."

"Iimbishe tena."

Basi ndivyo nilivyoingia. Mtu wa mashine ya mawe anaishi kwa masikio: ikimeza jiwe kubwa mno, mlio unabadilika, na usipowahi kuizima, taya zake zinavunjika. Kwa hiyo mapigo ninayajua. Nilikata pipa la mafuta katikati, nikalivalisha kipande cha mkanda wa mpira uliotupwa, nikachonga fimbo mbili. Majirani walidhani tunafungua kanisa jipya.

Kila jioni uani, baada ya kazi, tulihesabu mpaka nane kwa Kifaransa na kurudi mwanzo, un, deux, trois, mpaka kuku wetu wakaacha kushtuka. Tuligombana sana. Kule Kakontwe sheria ni moja: ukisikia kasoro, simamisha kwanza, uliza baadaye. Nimewafundisha watu arobaini sheria hiyo na imeokoa mikono yao. Kwa hiyo kila Émilienne alipoteleza, au alipochelewa kugeuka, mimi nilinyanyua fimbo, kimya, nikasubiri maelezo.

"Papa! Haiko concasseur, ni minye! Kama nakosea, weye endelea tu!"

"Kama unakosea na minye naendelea, si tunakosea babili?"

"Njo vile! Bakosee babili, lakini basisimame! Mule mu mtihani, kama ngoma inasimama, banaandika zéro!"

Nilijitahidi. Nilijifunza kuinamisha kichwa na kuangalia mkanda wa pipa tu, maana nikimtazama yeye nilipoteza hesabu au nilimkamata na kosa. Miezi mitatu nilimpigia binti yangu dansi yake na sikuiona nzima hata siku moja. Niliona vidole vyangu, vyenye malengelenge.

Madame Hélène naye alikuwa na vita vyake. Émilienne aliwahi kuwa kwenye kundi la animation la kampuni, lile la kuwachezea wageni wa chama uwanjani, na huko mwili ulizoea jambo moja: kila ukigeuka, unamalizia uso kwa jukwaa la heshima, meno yote nje, mkono juu. Katika jazz, alisema Madame, unageuka kwa sababu una jambo la kusema, si kwa sababu mkuu wa wilaya ameketi upande ule. "Émilienne, unamchekea nani? Pale kuna kabati!" Émilienne aliomba radhi, akarudia, akalichekea kabati tena.

Siku ya mtihani nilivaa suti ya harusi yangu. Ilikubali kufungwa kifungo kimoja. Tuliitwa saa tisa, lakini gari la mtahini lilipasukiwa na gurudumu njiani kutoka Lubumbashi, likaingia saa kumi na nusu. Akashuka mama mmoja mwembamba, Madame Suzanne, miwani imefungwa kamba shingoni, akaomba maji, akaanza kazi. Sehemu mbili za kwanza mimi na Angèle tulizisikia tukiwa koridoni, nikiwa nimekumbatia pipa. Kisha mlango ukafunguliwa, tukaitwa ndani. Angèle alipewa kiti pembeni, karibu na Madame Hélène. Madame Suzanne aliketi mezani katikati, karatasi zake zimepangwa, na nyuma yake madirisha makubwa yakiwa wazi kwa sababu ya joto. Nje, ng'ambo ya barabara, palikuwa na ofisi ya serikali na mlingoti wake. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama vizuri.

Nikaketi, nikaanza kupiga, kichwa chini. Mapigo yalikuja sawa, na nilisikia miguu yake mitupu ikiyajibu kwenye mbao. Tulifika katikati, pale anaposimama kwa mguu mmoja na mikono imefunguka, nami napiga polepole.

Filimbi ikalia.

Anayejua miaka ile anajua. Saa kumi na mbili jioni bendera inashushwa, na aliye nje anasimama alipo: mwenye baiskeli, mwenye beseni kichwani, mlevi. Aliye ndani ya nyumba anaendelea na shughuli zake, hadaiwi kitu. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini niliinua kichwa, dirisha lilikuwa wazi, bendera niliiona, askari wa kuishusha nilimwona, na mwili wangu haukuniuliza. Nilisimama wima, fimbo zimebanwa mapajani. Pipa likanyamaza.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sasa nikae? Na askari anatazama huku? Mtu ambaye hakusimama hana kesi. Mtu aliyesimama halafu akaketi amebadili mawazo juu ya bendera. Nikabaki hivyo hivyo. Angèle aliponiona naye akasimama. Madame Hélène, mwenye miaka kumi na minne nchini, akasimama. Na Madame Suzanne, ambaye wenyeji wake wa Lubumbashi walikuwa wamemtisha kutwa nzima kuhusu jambo hili, aliruka kitini kama aliyeng'atwa na siafu, karatasi zikamwagika, akatugeuzia mgongo na kukakamaa mbele ya dirisha.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa bado kwenye mguu mmoja. Nimemuua, nilijisemea, mimi baba yake, kwa mikono yangu miwili iliyonyooka.

Émilienne akashusha mguu, akaendelea.

Mji mzima wa Likasi umesimama, na yeye anacheza. Bila pipa, bila hesabu. Nilisikia pumzi yake na nyayo zake tu. Aliinama mpaka nywele zikagusa mbao, akainuka pingili moja moja ya mgongo, bila haraka, kama mtu anayefikiria neno zito kabla ya kulisema. Akageuka mara tatu, na alipomaliza hakumchekea mtu. Mabega yake yalizungumza, kisha yakanyamaza, kisha kiuno kikajibu. Niliogopa askari asije akamwona, na wakati huo huo nilitaka mji mzima umwone. Nilijiuliza huyu mwanamke ni nani, na amekaa kwangu tangu lini. Sikuwahi kujivuna hivyo maishani, na nilikuwa nimekakamaa kama mlingoti, siwezi hata kupiga kofi.

Filimbi ya pili ikalia. Alikuwa goti moja chini, amemaliza.

Madame Suzanne akageuka, akavaa miwani. "Umemaliza?" akauliza kwa Kifaransa.

"Ndiyo, Madame."

"Sikuona kitu," akasema, akawa mwekundu. "Nisichokiona siwezi kukipa alama."

Nikasogea mbele. Nilimwambia kosa ni langu, niliyesimamisha ngoma ni mimi, aandike sifuri kwenye jina langu, binti hahusiki. Aliniangalia mimi, akaangalia kifungo changu, akaokota karatasi zake. Kisha akamuuliza Émilienne kama ana nguvu za kurudia tangu mwanzo. Émilienne, jasho linamtiririka, akasema anazo.

Nikarudi mbio kwenye pipa, nikashika fimbo. Binti yangu alinifuata, akaweka kiganja juu ya mkanda wa mpira.

"Papa, enda uikale na mama."

"Na pipa?"

"Nitafanya bila pipa."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angesema kwa ukali. Miezi mitatu ya malengelenge, nikataka kumwambia, na suti hii. Madame Suzanne alifunua kijitabu chake cha kanuni, akasoma mbele, akasoma nyuma, akasema kanuni inataka mpigaji aletwe, na ameletwa; kucheza bila yeye haoni palipokatazwa. Nikaenda nikaketi karibu na Angèle, mikono sijui niiweke wapi, nimeumia kwelikweli.

Akacheza tena, na mara hii tulikuwa wote macho kwake. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Nasema hivyo ingawa ile ya kwanza ilikuwa yangu peke yangu na ningependa iwe ndiyo bora. Angèle alinifinya mkono. "Ile hapana minye nilimuzala nayo," akanong'ona. "Ile ametafuta yeye mweneye."

Madame Suzanne aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akampa Émilienne mkono, akamwambia amefaulu na barua itafuata. Angèle akapiga vigelegele, nami nikafungua mdomo kutoa hotuba niliyoiandaa tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nimefika kwenye "Wapendwa wote" wakati Madame Hélène alipotoa funguo za ukumbi mkobani na kuziweka mkononi mwa binti yangu.

Émilienne alizitazama. Akatazama madirisha yaliyo wazi, viti vilivyovurugika, watu wanaopiga soga katikati ya mbao zake. Akapiga makofi mawili makavu.

"Tafadhali, batu bote batoke. Niko nafunga. Na Papa, usiburute hiyo kintu, utakwaruza plancher."

Mimi naamrisha watu arobaini. Nilinyanyua pipa, nikalibeba kifuani, nikatoka.